Kaskazini ya Shemeji

Shemeji yangu alinipigia simu nikiwa na povu la sabuni mpaka kwenye viwiko, kuniambia kwamba dunia imehama tena.

"Imehamia wapi?" nikamuuliza. "Imepata nyumba nzuri zaidi?"

"Cheka tu. Sindano ya dira imetoka kwenye mstari wa chaki, shemeji. Leo inaangalia dirishani kabisa. Nakwambia hii kitu inapinduka, na wewe uko hapo unafua mashuka."

"Nani kakwambia nafua mashuka?"

"Nasikia maji. Halafu leo Jumanne."

Nikafunga bomba. Mimi ni mtu wa hasira, sina haja ya kuficha. Nimefundisha jiografia mpaka nikastaafu, na wanafunzi waliniita Ikweta kwa sababu ya kiuno changu, wakidhani sijui. Nilijua. Nilijua pia nani alilianzisha hilo jina, na nilimpa alama zake zote kwa haki, maana lilikuwa jina zuri. Lakini kuna kitu kimoja ambacho sijawahi kukivumilia, darasani wala nje, nacho ni mtu mzima kubeba jambo alilolisikia njiani na kuja kunimwagia mimi kama vile amelivumbua.

"Nisikilize," nikamwambia. "Mhimili wa dunia ni kitu kimoja, ncha za sumaku ni kitu kingine. Ungekuwa mwanafunzi wangu na ukachanganya hivyo viwili, ungesimama juu ya dawati mpaka kengele."

"Nimeshasimama, mwalimu. Endelea."

Nikaendelea. Nilimweleza, kwa mara ya sijui ngapi, kwamba mhimili ni ule mstari tunaouwazia katikati ya dunia, ambao dunia inauzunguka kama tairi kwenye ekseli. Huo hutikisika, ndiyo, lakini ni mtikisiko mdogo wa kuonwa na wenye vyombo vyao tu. Ncha ya sumaku ya kaskazini ndiyo yenye miguu. Imetoka upande wa Kanada, inaelekea Siberia, na haijaomba ruhusa ya mtu. Na kweli zamani sana, kabla hajawepo binadamu wa kulalamika, ncha hizo ziliwahi kubadilishana nafasi kabisa. Lakini jambo hilo huchukua karne na karne, na huku kwetu sindano ya dira kwa mwaka mzima haisogei hata unene wa ule mstari wake wa chaki.

"Yangu imesogea," akasema.

"Yako haijasogea."

"Shemeji, mimi niko hapa na sindano iko hapa. Wewe uko huko na mashuka. Nani anaona?"

"Sikio la kufa!" nikampigia kelele, akacheka, tukabishana mpaka maji ya mashuka yakapoa. Nilipokata simu nilikuwa nimesimama katikati ya sebule, nguo yangu imelowa tumboni, natabasamu peke yangu kama mwehu.

Huyo ndiye Cheche. Kila mtu anamwita hivyo, maana alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na nusu ya mageti ya mji huu yamepita mikononi mwake. Alimwoa dada yangu mkubwa. Dada alifariki mwaka juzi, na tangu hapo Cheche anaishi peke yake kwenye nyumba yao, upande wa pili wa mji, na mimi naishi peke yangu huku, ghorofa ya pili, chini ya watu wanaoburuta viti kutwa. Sina mtoto. Mume wangu wa zamani yuko huko aliko, na aendelee kuwa huko huko. Dira ile nilimpa mimi mwenyewe, baada ya msiba, ilikuwa imebaki kwenye kabati langu tangu shuleni. Nilimpa awe na kitu cha kushika. Akaiweka juu ya meza, akachora mstari wa chaki chini ya sindano, na baada ya miezi michache ndipo zikaanza simu.

Sikuwahi kumwambia mtu kwamba nilizingoja. Siku asipopiga mpaka mchana ukapinduka nilikuwa naichukua simu na kuitazama kama ina mtandao. Niliwahi kwenda dukani kununua betri nyingine, nikamwambia muuzaji kwamba simu yangu hailii. Akaipiga mbele yangu, ikalia.

Sasa siku mbili baada ya yale mashuka, simu ikaita, nikaikimbilia, nikakuta siyo yeye. Ni kijana wao mkubwa, mfamasia, anayeishi na mke na watoto kwenye mji mwingine, mwendo wa kutwa nzima kwa gari.

"Mama mdogo, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nani anaumwa?"

Nikamsikia anavuta pumzi. Mtoto huyu tangu mdogo akitaka kusema jambo zito huvuta pumzi kwanza, kama anayeingia kwenye maji baridi.

"Baba," akasema. "Mama mdogo, nimepigiwa simu na majirani watatu. Kinyozi anasema baba amewaambia wateja wake kwamba dunia itageuka juu chini. Mama wa nyumba ya nyuma anasema baba alikuja na kamba kumfungia tangi la maji lisije likaanguka kuelekea angani. Angani, mama mdogo! Wewe mara zote nikikuuliza hali ya baba unaniambia mzima kama chuma."

"Ni mzima."

"Ulijua haya mambo ya dunia kupinduka?"

Nilijua, tena kwa miezi. Na kila kijana alipouliza nilimjibu "mzima, mzima," kwa sababu nilijua wakubwa wa hospitali na wakubwa wa familia wakishaanza kulijadili jambo la mzee, mzee mwenyewe huwa haulizwi tena.

"Ni utani wake," nikasema. "Unamjua baba yako."

"Sijui tena kama namjua." Sauti ikamkatika kidogo. "Sikiliza, mama mdogo. Wewe ndiye uliye karibu, na wewe huna porojo. Nenda kamwone. Ukiniambia kichwa chake kiko sawa, nitanyamaza, sitalileta tena hili jambo. Ukiniambia kimeyumba, Jumamosi naja na gari namchukua, nyumba tunaifunga. Nitafuata neno lako. Mimi nimeshindwa kukata kauli."

Nilikubali, nikakata simu, nikakaa kwenye kochi. Nataka niseme ukweli jinsi ulivyokuwa. Jambo la kwanza nililowaza halikuwa afya ya Cheche. Niliwaza: akienda huko kuna wajukuu, kuna televisheni, kuna mkwe wa kumletea chai. Atanipigia mimi simu ya nini? Nikaogopa, nikaogopa sana, mpaka nikainuka na kwenda kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimepangika. Kisha nikajiambia kwamba nakwenda kumtetea mzee wa watu asing'olewe kwenye nyumba yake kama jino, na hasira zikanipa nguvu, nikavaa viatu.

Nilibeba dira yangu ya pili. Mpango wangu ulikuwa rahisi. Kichwa cha Cheche ni kizima, hilo sikuwa na shaka. Kilichokosewa ni kipimo, na kipimo ni kazi yangu. Nitaweka dira mbili pamoja, nitamwonyesha kosa liko wapi, atakiri, nitampigia kijana, na mambo yatarudi kama yalivyokuwa.

Nilishuka kwenye basi karibu na kibanda cha yule kinyozi. Alikuwa na mteja kitini, nusu kichwa kimenyolewa, akaacha mashine inanguruma hewani.

"Mwalimu! Ni kweli tutaning'inia?"

"Wewe nyoa watu," nikamwambia. "Ukianza kuning'inia nitakuja kukushusha."

Walicheka, lakini yule mteja aliniuliza kwa sauti ya chini kama nina hakika.

Geti la Cheche ni la chuma, na madirisha yake yana nondo za chuma, na hata sanduku la barua ni la chuma, lenye maua ya chuma aliyomchomelea dada yangu wakati wa uchumba wao. Kitu pekee cha mbao nyumbani mle ni ile meza ya sebuleni, na dada ndiye aliyeilazimisha. Nilibisha hodi, akachungulia kupitia tundu la geti.

"Karibu, Ikweta," akasema. "Umekuja kuishi na sisi huku juu au bado uko chini?"

"Fungua geti kabla sijalipiga teke."

Alikuwa amekonda. Shati alilovaa lilikuwa safi, limepigwa pasi, lakini kola ilikuwa imemwachia shingo pande zote. Karakana yake, pale kwenye banda la pembeni, ilikuwa imefungwa kwa turubai, na vumbi juu ya turubai lilikuwa nene. Nilisimama katikati ya ua, mbali na geti na kila chuma, nikatoa dira yangu. Sindano ikacheza, ikatulia. Ilielekea kwenye tangi la jirani, lile la kamba, ambapo tangu enzi na enzi ndiyo kaskazini ya mtaa ule.

"Umeona?" nikamwambia. "Kaskazini haijaenda popote. Sasa tuingie ndani."

"Tukae hapa hapa nje," akasema. "Ndani hakuna mwanga mzuri."

"Cheche, ni mchana kweupe."

"Sijafagia."

"Mimi siyo mkwe. Pisha."

Nikampita mlangoni, nikaingia sebuleni, nikasimama.

Kitanda kilikuwa sebuleni. Kitanda chao, kile cha chuma, alichokitengeneza mwenyewe alipooa, chenye kichwa cha mizabibu na ndege wawili, kizito kiasi kwamba watu wanne waliposaidia kukiingiza chumbani mmoja alitegua mgongo. Baada ya msiba alituambia wote kwamba amekiuza kwa watu wa vyuma chakavu. Nilimlaumu sana siku ile, na tangu nimpe dira tulikuwa tukizungumza kwa simu tu. Sasa kiko hapa, kimebana ukuta mzima mpaka dirishani, kimetandikwa upande mmoja tu. Upande wa dada ulikuwa godoro tupu. Meza ya mbao ilikuwa imeegemea kitanda, na juu ya meza kulikuwa na mstari wa chaki, na juu ya mstari kulikuwa na dira.

"Ulikileta vipi?" nikauliza. Ndilo swali la kijinga nililopata.

"Nilikikata vipande, nikakichomelea upya humu. Kazi yangu ya mwisho hiyo."

"Kwa nini?"

"Chumbani sikuweza kulala," akasema. "Kule kuna kabati lake. Na bila kitanda sikuweza pia."

Mimi mambo yakinizidi huwa naanza kufundisha. Ni ugonjwa. Nikachukua dira yangu, nikasimama mlangoni, nikaanza kutembea polepole kuelekea mezani, nikimwonyesha. Mlangoni sindano ilielekea kwenye tangi. Nilipofika katikati ya chumba ikaanza kusita. Nilipokaribia meza ikageuka kama mtu aliyeitwa, ikakielekea kitanda, ikatulia. Nikaiweka pembeni ya ile yake. Dira mbili, zote zinaangalia dirishani, zote zinaangalia kichwa cha kitanda.

"Basi!" nikasema, na nilikuwa nimefurahi mno, Mungu anisamehe. "Kesi imekwisha. Dunia haijapinduka, shemeji. Umehamisha kitanda cha chuma ukakiweka karibu na dira. Kosa la kawaida kabisa, hata wanafunzi hulifanya, mtu anapima kaskazini huku ana funguo mfukoni. Nampigia kijana sasa hivi. Namwambia huna wazimu, umekosea kipimo tu, akuache kwenye nyumba yako ukae kwa amani."

Nilikuwa nimeshatoa simu. Cheche akanishika mkono.

"Usipige."

"Kwa nini nisipige?"

"Kaa kwanza, shemeji."

Nikakaa kwenye kiti, chuma nacho. Yeye akakaa kitandani, upande wake, mikono katikati ya magoti. Mikono yake ina makovu madogo madogo mpaka kwenye vifundo, kumbukumbu za zile cheche zilizompa jina.

"Mimi nimeshika chuma maisha yangu yote," akasema. "Nimeokota misumari kwa sumaku tangu nikiwa mdogo karakanani kwa baba yangu. Unadhani mimi sijui sindano inafuata nini?"

Nikamtazama.

"Siku ile ile nilipokihamishia kitanda humu niliona sindano imegeuka," akasema. "Nilicheka. Mara ya kwanza kucheka tangu msiba. Nikasema, haya, nimepata la kusema."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Miezi yote hii unanisimamisha na simu, nakueleza Kanada na Siberia mpaka chakula kinaungua, na ulijua!"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Umenifanya mjinga! Na lile tangi la watu?"

"Tangi lilikuwa limelegea kweli," akasema, na kidogo tu nimpige na mkoba.

Kisha hakucheka tena. Aliinamisha kichwa akaongea akiitazama sakafu, na ilinibidi nisogeze kiti ili nimsikie.

"Unakumbuka siku ya kuanua matanga? Vijana waliniambia, baba, twende tukaishi wote. Watu wamejaa hapa ndani, mafundi wenzangu wote wapo. Nikasimama nikasema nini?"

Nilikumbuka. Kila mtu alikumbuka. Alisema nyumba hii ameijenga kwa mikono yake na atatoka humo akiwa amebebwa. Alisema kwa sauti ya karakana, na watu walimpigia makofi.

"Nilisema, wakanielewa," akasema. "Hawakuniambia tena. Mara moja tu waliniuliza, basi. Wanapiga simu, baba umekula, baba umelala, lakini lile neno hawaligusi tena. Wananiheshimu. Shemeji, mgonjwa haulizwi uji. Wao waliniuliza, nikasema sitaki, wakaondoka na bakuli lao."

"Ungewaambia tu. Ni watoto wako."

"Niwaambie nini? Kwamba baba yenu anaogopa jioni ikifika? Kwamba nakaa hapa nasikiliza friji? Nile matapishi yangu mbele ya watu wale wale walionipigia makofi?" Akatikisa kichwa. "Siwezi. Wewe ungeweza?"

Nikageuka nikaitazama dira.

"Lakini mtu akichanganyikiwa," akasema, "huyo hachekwi. Huyo anachukuliwa. Atapiga kelele, atagoma, na atapakiwa hivyo hivyo, na mtaa mzima utasema masikini mzee, hakutaka, walimlazimisha. Hivyo ndivyo nilivyotaka iwe. Nikasema nitamwambia shemeji, naye atamwambia kijana, na kijana atakuja. Wewe ulikuwa na kazi moja tu, Ikweta, kunisema. Ukanifichia."

Miezi yote ile nilikuwa najiona mlinzi wake. Kumbe nilikuwa nimekaa mlangoni nimeshika komeo.

"Ndiyo maana ukaenda kwa kinyozi," nikasema.

"Ningefanyaje? Wewe ulikuwa umeniziba kila upande."

Nje gari lilipita likipiga honi. Kulikuwa na swali ambalo sikutaka kuliuliza, na nilijua nitaliuliza, kwa hiyo nikaliuliza haraka kabla sijapata aibu.

"Kwa hiyo zile simu zilikuwa za hilo tu. Ili nikakuseme."

Akafikiri. Cheche hana maneno ya kumpamba mtu, na ndiyo sababu dada alimpenda.

"Mwanzoni," akasema. "Wiki mbili za mwanzo. Baadaye nikawa nikiamka nawaza leo nimwambie nini shemeji, sindano iende wapi. Nilikuwa nachora chaki mstari mpya ili nipate cha kukuudhi."

Angesema zilikuwa za hilo tu ingekuwa rahisi kwangu. Ningekasirika, ningeondoka, na hasira ingenitosha mwezi mzima. Nilitazama lile godoro tupu upande wa dada yangu, nikatafuta la kumwambia, na lililokuja kwenye ulimi lilikuwa: usiende. Nilikuwa na kila sababu. Ningemwambia tutatembeleana, ningemwambia nitakuja kila Jumanne na mashuka yangu. Angekubali, namjua, angekubali ili asinisumbue. Halafu jioni ingefika, mimi ningekuwa kwangu na yeye angekuwa hapa anasikiliza friji.

"Utapiga kelele kiasi gani?" nikamuuliza.

Akainua uso. "Nyingi. Kinyozi lazima asikie."

"Na kitanda?"

"Kama watakubali."

"Watakubali. Nitasema mimi." Nikasimama, nikazichukua dira zote mbili, kisha nikairudisha yake mezani, juu ya chaki. "Na usithubutu kwenda kuwaharibia wajukuu vichwa na huo upuuzi wako. Wafundishe kwa usahihi. Mhimili ni kitu kimoja..."

"Ncha za sumaku ni kitu kingine," akasema. "Nimekusikia, mwalimu. Nilikuwa nasikiliza siku zote."

Alinisindikiza mpaka getini. Hatukuagana kwa namna yoyote ya pekee. Aliniambia niangalie lile shimo la karibu na kituo cha basi, nami nikamwambia aliangalie yeye aliyeliona.

Nilimpigia kijana nikiwa kwangu, bado nimevaa viatu. Alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Mama mdogo? Umemwona?"

"Nimemwona. Njoo umchukue."

Akavuta pumzi, na safari hii alivuta ndefu mno mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha nikagundua kwamba analia, mtoto wa watu, na anajitahidi nisisikie.

"Kumbe ni kweli," akasema. "Kimeyumba."

Nimefundisha miaka mingi, na sijawahi kumwacha mtu na jibu lisilo sahihi. Nilimwacha nalo. "Sikiliza vizuri," nikamwambia. "Usimuulize kama anataka. Usimuulize chochote. Paki gari mbele ya geti, mchana, watu wakiwepo. Atapiga kelele, atakwambia kwamba humwondoi, atashika geti. Wewe mkumbatie umpakie. Halafu ana kitanda cha chuma sebuleni. Nacho kipakie, hata kama ni kwa lori lingine."

"Kitanda? Si alikiuza?"

"Kipakie, nimesema."

"Sawa, mama mdogo. Sawa." Akajifuta pua. "Atakuwa chumba cha watoto kwanza, halafu tutamjengea chake pale nyuma. Watoto watafurahi sana. Mke wangu amekuwa akiniambia siku zote tumchukue, mimi ndiye nilikuwa nasema tumheshimu mzee." Kisha akasita. "Na wewe, mama mdogo? Sasa utabaki peke yako kabisa huko. Uko salama? Huhitaji kitu?"

Aliuliza kwa moyo wake wote, siwezi kumsingizia. Ghorofani juu walikuwa wanaburuta viti. Nilikuwa nimesimama karibu na kochi, mkoba bado begani, na jibu lilikuwa limekuja lote mpaka kwenye meno.

"Mimi?" nikasema. "Mimi nina shida gani, mwanangu! Nina mambo yangu tele hapa. Mimi niko sawasawa kabisa."

"Nilijua tu," akasema, na nikasikia anatabasamu. "Wewe ni mwamba, mama mdogo. Basi nisikusumbue."

Akakata. Nilibaki na simu sikioni mpaka ule mlio wake ukaisha, na ndipo nikasema, kwa sauti ya darasani, kila neno likasikika vizuri: "Nichukueni na mimi."